TAHADHARI: Usilipie laptopu ya mtumba kabla haijarudishwa upya (reset) mbele yako, intaneti ikiwa imewashwa

Wakuu, laptopu za mtumba zilizotoka maofisini ni mali nzuri. HP EliteBook, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad ya kampuni, hata ikiwa na miaka mitano, mara nyingi huishinda laptopu mpya ya bei hiyohiyo kwa uimara wa bawaba, kibodi na upatikanaji wa vipuri. Kwa hiyo hatumkatazi mtu kununua. Tatizo ni wauzaji, wengi wao wa Instagram na mawinga wasio na duka, wanaouza mashine zenye kufuli za kampuni au zilizobadilishwa maandishi ndani. Kila unachokiona kwenye Windows iliyopigwa na muuzaji ni neno la muuzaji. Mashine yenyewe husema ukweli sehemu mbili tu: kwenye BIOS, yaani skrini ya mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, na pale inaporudishwa upya.

Tuanze na kufuli ya kampuni, maana hiyo ndiyo inayoumiza zaidi. Makampuni mengi husajili kompyuta zao Microsoft kupitia mfumo wa Autopilot. Usajili huo haukai kwenye diski. Umefungwa na ubao mama wa mashine, na orodha iko kwenye seva za Microsoft. Mashine ikiibwa, au ikiuzwa bila kampuni kuifuta kwenye orodha yake, usajili unabaki. Muuzaji anayejua hili anapiga Windows bila intaneti, anafungua akaunti ya kawaida, na dukani mashine inafanya kazi bila kasoro. Siku Windows ikiharibika, fundi anairudisha upya, anaunganisha Wi-Fi, na skrini inatokea na jina la kampuni usiyoijua ikidai barua pepe na nenosiri la mfanyakazi. Kubadilisha diski (SSD) hakusaidii kitu. Mwenye uwezo wa kuitoa kwenye orodha ni kampuni yenyewe. Fundi anaweza kukwepa kwa kupiga tena bila intaneti, lakini kufuli iko palepale, na kama mashine iliibwa, anayekutwa nayo ni wewe.

Kipimo chake ni rahisi ila kinataka subira. Nenda na simu yenye bando. Fungua Settings, System, Recovery, kisha Reset this PC, chagua Remove everything, halafu Local reinstall ili usimalize bando. Hata kwenye SSD isiyo na hitilafu, tenga saa moja au zaidi. Mashine ikiwaka na kuanza maswali ya mwanzo, iunganishe na intaneti ya simu yako. Ikiomba akaunti ya kawaida ya Microsoft, umevuka. Ikitaja jina la kampuni, rudisha mashine mezani na uondoke. Muuzaji akikwambia "usiirudishe, utapoteza Office na programu nilizokuwekea," usikubali: Office ya bure ya namna hiyo huwa ya kuvunjwa, isiyo na leseni, na akikazana kukuzuia, tafuta duka lingine. MacBook nazo ni hivyohivyo. Baada ya kufutwa na kuunganishwa, ukurasa wa Remote Management maana yake ni mali ya kampuni, na Activation Lock maana yake ni akaunti ya mwenye mali wa kwanza bado imo.

Halafu ingia BIOS. HP bonyeza F10 inapowaka, Dell F2, ThinkPad F1. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, acha. Kwa ThinkPad iliyosahaulika nenosiri la msimamizi, Lenovo wenyewe wanaelekeza kubadilisha ubao mama, na hapo umenunua chuma. Ukiwa ndani, nenda sehemu ya Security utafute neno Absolute au Computrace. Ikiwa imeandikwa Active au Activated, kuna mtu mahali fulani mwenye uwezo wa kuigandisha mashine hiyo kutoka mbali.

Humohumo kwenye BIOS ndimo pa kusoma prosesa, RAM na namba ya utambulisho wa mashine, yaani serial number. Usisome prosesa kwenye ukurasa wa About, kwa sababu jina linaloonekana pale linaweza kubadilishwa na programu ndogo inayojiwasha kila mashine inapowaka. Na usikubali kuuziwa "Core i7" tupu. Uliza namba inayofuata. i7-4600U ni kizazi cha 4 na ina kori 2. I5-8250U ni kizazi cha 8 na ina kori 4. Hiyo i5 inaiacha mbali hiyo i7, lakini mezani utakuta i7 ndiyo ya bei juu. Jina la modeli nalo halitoshi: EliteBook 840 G5 nyingi ni kizazi cha 8, ila zipo zilizotoka na kizazi cha 7. Tofauti hiyo ni kubwa sasa, maana Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Ukiona Windows 11 kwenye 840 G3, ambayo ni ya kizazi cha nyuma ya hapo, imelazimishwa, na Microsoft hawaihakikishii masasisho. Bei yake lazima ishuke.

"Graphics 2GB" kwenye tangazo la mashine hizi mara nyingi ni kumbukumbu inayoazimwa kwenye RAM. "Full HD" ithibitishe kwenye Display: ikiandika 1366 x 768, si Full HD.

Betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotajwa. Gawanya FULL CHARGE CAPACITY kwa DESIGN CAPACITY. Ikiwa iliundwa na mWh 50,000 na sasa inabeba 21,000, imebaki asilimia 42. Toa bei ya betri kwenye makubaliano. ThinkPad T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje, kwa hiyo soma zote. Betri inayoonyesha uwezo uleule kama mpya na cycle count (idadi ya mizunguko ya kuchajiwa) sifuri kwenye mashine kuukuu huenda ni ya bandia. Iache ifanye kazi nusu saa bila chaja uone inavyoshuka. Padi ya kipanya ikiwa imeinuka au haibonyezeki, betri imevimba. Hiyo si ya kujadili bei, usiibebe kabisa.

Wanaouza mtumba kwa jina la "mpya kwenye boksi" nao wapo. Boksi huchapishwa. Chukua serial ya BIOS, ilinganishe na ya kibandiko cha chini na ya boksi, kisha iingize kwenye tovuti ya HP, Dell au Lenovo. Tarehe ya waranti itakwambia ilianza kutumika lini. Waranti iliyokwisha 2021 haiwezi kuwa mashine mpya.

Upande wa malipo: anayekutaka utume kianzio ndipo mzigo upande basi, kisha nauli, kisha "hela ya kifurushi imeongezeka," hana laptopu. Kabla ya kuweka namba ya siri ya simu, jina la mpokeaji huonekana. Likiwa la mtu binafsi wakati unanunua dukani, simama uulize. Dai risiti ya EFD, na serial iandikwe kwenye risiti au karatasi ya waranti, ikiwa pamoja na idadi ya siku. Bila serial, atakukana kwamba mashine haikutoka kwake.

Uliyekwisha kupigwa, usifute chochote. Tunza picha za tangazo, mazungumzo na ujumbe wa muamala, piga mtandao wako wa simu mara moja uombe fedha izuiwe kabla haijatolewa, tuma ujumbe wa tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu Tanzania, kisha nenda polisi na serial.