Saa sita za kwanza na Clair Obscur: Expedition 33

Nilidhani mapigano ya zamu, yaani wewe unapiga kisha adui anapiga, yameshanichosha. Kumbe bado! Mchezo huu wa video wa studio ya Sandfall Interactive ya Ufaransa, uliotoka Aprili 2025, haukuachi ukae tu adui anapokushambulia: unakwepa au unakinga kwa kubonyeza kitufe sekunde ileile pigo linapofika. Ukikinga mapigo yote mfululizo, mhusika wako anajibu kwa pigo moja zito, na mikono yangu ilitetemeka kwa furaha.

Ila kilichonishika hasa ni mwanzo. Kila mwaka Mchoraji, kiumbe wa ajabu wa hadithi hii, anaandika namba, na waliofikia umri huo wanatoweka. Gustave, mhusika tunayeanza naye, anamuaga Sophie, mpenzi wake wa zamani, bandarini; Sophie anageuka maua yanayopeperuka, na mkononi mwa Gustave hakubaki kitu. Nililia, nikaweka kidhibiti chini. Muziki wa mchezo, uliotungwa na Lorien Testard, bado unanizunguka kichwani.