Nimefunga matairi madogo nyuma ya Hilux kwa ajili ya mbio fupi: uzoefu wangu, Mtwara

Nianze na namba, maana ndiyo watu wanayouliza wakiiona pikapu imeinua pua. Nyuma nimetoa 265/65R17 nikafunga 225/70R15C; hizo 17 na 15 ni inchi za rimu, na C ni tairi la gari la mizigo. Tairi la zamani lina kimo cha milimita 776, jipya 696, kwa hiyo nyuma imeshuka sentimita nne na gurudumu limepungua kwa asilimia 10 hivi. Mbele sijagusa. Gari ni Hilux Vigo dizeli ya 2.5, injini ya 2KD, farasi 102 ilipokuwa mpya. Yangu si mpya.

Aliyeniuzia alikuwa ameipachika inchi 17 kwa urembo. Ilipendeza, lakini kuondoka ilikuwa kazi: unaachia klachi, unakanyaga, inajikokota, unasubiri turbo iamke, na wakati huo Noah ya jirani imeshakuacha. Tairi kubwa na injini ndogo haviivi chungu kimoja.

Tairi dogo kazi yake ni hesabu tu. Kwenye mita 402, ambazo ndizo robo maili ya mbio za dragi, zile za kuondoka kwa kasi kwenye mstari ulionyooka, tairi langu la zamani linazunguka kama mara 165. Hili linazunguka mara 184. Injini inalisukuma gari kwa urahisi zaidi, kama vile umebadilisha dif, yaani gia za ekseli ya nyuma. Kama uwiano wa dif yako ni 4.1, kwa matairi haya ni sawa na kufunga ya 4.57. Sasa nenda kamuulize fundi bei ya meno mapya ya dif, halafu umuulize nani hapa mjini anayeweza kuyapanga yasilie. Mimi nimetumia shilingi 120,000 kwa rimu mbili za chuma za mtumba, 540,000 kwa matairi mawili mapya, na 20,000 za kufunga na kufanya balansi. Nikichoka navyo, navua jioni moja na gari inarudi ilivyokuwa.

Kuna swali ambalo kila mtu mwenye bando la video huniuliza: mbona Wamarekani wanaweka tairi kubwa nyuma na dogo mbele? Wale wana nguvu za kumwaga. Gari za daraja la juu kabisa, Top Fuel, zina zaidi ya farasi 10,000, na shida yao ni kuzifikisha lami zote bila tairi kuzunguka bure. Hata hivyo liangalie vizuri tairi lao: kimo karibu inchi 36, lakini rimu ni inchi 16 tu. Sehemu iliyobaki yote ni ubavu laini unaojikunja gari inapoondoka, na hapo ndipo tairi linaposhika lami. Mimi mwenye farasi 102 zilizochoka shida yangu ni ya upande wa pili. Wanaofanana nasi ni Wathai, ambao pikapu za dizeli kama Vigo na D-Max ya Isuzu ndizo wanazozipigia mbio, moshi mweusi hadi hauoni dereva.

Kwenye rimu ndiko kuna mitego. Nilianza kwa kuletewa rimu safi kabisa, nati sita, na muuzaji akaapa kwamba ni za Hilux. Fundi wangu kule Mkanaledi alizigeuza, akaingiza vidole kwenye tundu la katikati, akacheka. "Kaka, hizi za D-Max. Nati zitaingia, habu haitaingia." Ni kweli; habu ni kile kitovu kinachoingia kwenye tundu la katikati. Hilux na D-Max zote zina matundu sita kwenye duara la milimita 139.7, ila tundu la katikati la Hilux ni milimita 106 na la D-Max ni kama 100. Milimita sita hizo huwezi kuzilazimisha kwa nyundo, na usimruhusu mtu alichonge. Za Mitsubishi L200 ndiyo kabisa, tundu lake halifiki hata 70. Nenda na kipimo chako mwenyewe.

Mtego wa pili ni nati. Rimu zangu za inchi 17 ni za alumini ya Toyota, na nati zake zina uso bapa wenye washa. Rimu ya chuma inataka nati yenye mdomo wa koni ili ikae katikati ya tundu. Ukirudishia zilezile za bapa zitakaza, utajisifu, kisha zitaanza kulegea njiani. Nilinunua 12 mpya, na baada ya kutembea kidogo nikakaza tena. Mbili zilikubali robo mzunguko.

Mbona nyuma tu? Nyuma kuna drami za breki na rimu ya inchi 15 inakaa bila kugusa kitu. Halafu nyuma ndiko kunakosukuma. Mbele ningepunguza kwa faida gani?

Majaribio tumefanyia kwenye kipande cha lami ndani ya uwanja wa mtu binafsi, kwa ruhusa yake, geti limefungwa. Barabara ya Mikindani msiifikirie; mashindano barabarani bila kibali ni kosa, na pale bodaboda hutokea pasipo na njia. Kipande chetu hakitoshi robo maili pamoja na nafasi ya kusimama, kwa hiyo tunakimbia nusu yake, mita 201.

Kwa umbali huo tofauti inaonekana wazi. Kwa saa ya simu nimepunguza kitu kidogo chini ya nusu sekunde, na saa ya simu muiamini kwa kiasi, kidole cha mtu ni kidole cha mtu. Ninachokiamini zaidi ni mgongo wangu: gari inaondoka kwa gia ya pili bila kuguna, na turbo inashika mapema. Gia ya kwanza imekuwa haina maana kabisa, inaisha kabla hujakaa sawa kwenye kiti. Kasoro ni kwamba gia zote sasa zinaisha mapema, unabadilisha mara moja zaidi, na kila ukikanyaga klachi unapoteza muda. Ndiyo maana naona kwa mita 402 kamili sehemu ya faida hii ingeliwa huko mbele.

Bodi tupu ni nyepesi, tairi moja linaanza kuchoma mpira huku lenzake limetulia. Tumeweka magunia ya korosho yaliyojazwa mchanga juu kabisa ya ekseli, yakafungwa kwa kamba mpaka hayatikisiki. Upepo nashusha kutoka PSI 35 hadi 25 kwa ajili ya kukimbia, na narudishia kwa pampu ndogo ya gari kabla sijatoka getini. Tairi la C lina ubavu mgumu, halijikunji kama la dragi. Msitegemee miujiza hapo.

Kwa nini basi C? Kwa sababu pikapu bado inabeba. Mtu alitaka kuniuzia 205/65R15 za gari ndogo za abiria kwa bei ya kutupwa. Zile zimeandikwa 94, maana yake kilo 670 kwa tairi. Zangu zimeandikwa 112, kilo 1,120. Weka tani ya mizigo kwenye bodi uone ipi itakurudisha kutoka Newala.

Ninacholalamikia kweli ni 4x4. Mfumo wa Hilux unafunga mbele na nyuma zizunguke sawa, na sasa matairi yangu yamepishana kwa asilimia 10. Ukiingiza, kitu lazima kikubali kushindwa, na mara nyingi ni gia za katikati. Maana yake kwa matairi haya Msimbati siendi. Anayeujua mchanga wa ile njia hahitaji maelezo. Nikiwa na safari ya huko navaa viatu vya zamani. Tairi la akiba nalo ni kero: lililoning'inia chini ya bodi ni la inchi 17, likipasuka la nyuma sina mbadala wa saizi yake.

Spidomita inadanganya, ikisema 100 simu inasema 90. Kwa watu wa tochi hilo ni neema. Kwa kilomita si neema, maana zinahesabiwa za uongo na oili unaimwaga kabla ya wakati wake. Gari yangu haina ABS. Ukiwa nayo, tegemea taa kuwaka kwenye dashibodi, kwa kuwa sensa zitaona magurudumu ya mbele na nyuma yanapishana mwendo.

Matairi niliagiza Dar es Salaam yakaja kwa basi. Kabla hujamlipa kondakta soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Jozi ya kwanza niliyoletewa ilisoma 3116, rangi yake inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Ilirudi na basi lilelile.