Nilisifia kasi, nikaishia kuomba radhi kwenye matangazo

Hii ni tathmini yangu ya kampuni moja ya CDN, yaani inayosambaza nakala za tovuti ili zifunguke haraka. Jina silitaji, maana tovuti yetu bado inapita kwao na sitaki kuamka nikute imezimwa. Ila kama na wewe ndiye “yule kijana wa kompyuta” wa kanisani kwenu, kaa hapa kidogo.

Usharika wetu uko Iringa. Tovuti yetu iko kwenye seva (kompyuta inayoihifadhi) Chicago, Marekani, kwa sababu marafiki zetu wa Minnesota ndio waliotulipia tangu zamani na hakuna aliyewahi kuhoji. Ukitaka kusikiliza mahubiri, ombi linavuka bahari na kurudi, tena si safari moja: kwanza kutafuta anwani, kisha kubisha hodi, kisha kukaguana kufuli, ndipo sauti ianze kushuka. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 12,000. Mwanga wenyewe ndani ya nyaya hauwezi kwenda na kurudi chini ya milisekunde 120, na huo ni mwanga, si bando la shilingi mia tano. Mama mmoja wa kwaya aliniambia akishabonyeza mahubiri huenda kubandika chai.

Basi nikaunganisha CDN, ule mpango wao wa bure. Wanachukua nakala za vitu vyako na kuziweka kwenye seva zao za miji mbalimbali, Dar es Salaam ikiwemo, kwa hiyo mtu wa Iringa anahudumiwa kutoka Dar. Mama akanipigia: “Chai haijachemka, mchungaji ameshaanza!” Na ile Jumapili ya Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikawa inahema nchi nzima, mahubiri yetu yalifunguka. Kwa kusuasua, lakini yalifunguka, maana hayakuwa na bahari ya kuvuka. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Ningeandika wakati ule mngekuta nyota tano.

Halafu yakaja mavuno.

Wazee wa kanisa waliamua sadaka za simu zisiingie tena kwenye laini ya mzee aliyekuwa mhasibu, ziende kwenye lipa namba ya usharika. Uamuzi mzuri, ulichelewa miaka. Ijumaa jioni nikabadilisha namba kwenye ukurasa wa matoleo, nikauangalia kwenye simu yangu, namba mpya hii hapa, nikalala.

Jumapili mchana mzee ananipigia. “Mwanangu, mbona pesa zinaingia kwangu? Si mlisema nimestaafu?”

Nikaanza kuuliza watu. Huyu anaona namba mpya, jirani yake kwenye benchi moja anaona ya zamani. Wa mtandao huu wa simu sawa, wa mtandao ule bado. Nilijiona kama nimerogwa. Kumbe hakuna nakala moja: kila mji una ya kwake, na kila nakala ina siku yake ya kuisha muda. Tena kampuni za simu hazipitishi watu njia moja. Wengine wanaangukia Dar, wengine Nairobi au Johannesburg. Nikafuta nakala ya ukurasa wa matoleo. Bado! Nilikuwa nimefuta anwani isiyo na “www”, wakati kiungo kilichokuwa kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya kina “www”. Kwao hizo ni kurasa mbili.

Ila kilichonichoma si hicho. Niliwaandikia huduma kwa wateja. Baada ya masaa likaja jibu: je, umejaribu kufuta keshi (nakala zilizohifadhiwa) ya kivinjari chako? Changu? Sasa niende nyumba kwa nyumba, Kihesa mpaka Mkwawa, niwashike watu simu zao? Nikaeleza upya, kwa upole wote wa Kikristo uliokuwa umebaki. Jibu la pili: mpango wako ni wa bure, soma mwongozo. Wakaandika “imetatuliwa”, wakafunga. Imetatuliwa na nani? Hata pole hakuna. Kwetu hata mlevi akiingia katikati ya ibada anapewa pole na kiti.

Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye matangazo kuomba radhi. Mzee alileta kila shilingi, na daftari la majina juu yake.

Sasa niseme na la pili, maana mke wangu amesoma hapo juu akacheka. Kwa kawaida hii CDN haitunzi ukurasa wenyewe. Inatunza picha, sauti na mafaili mengine yasiyobadilikabadilika. Aliyeiamuru itunze kila kitu, kwa siku 30, ni mimi, usiku mmoja, nikifuata video ya kijana aliyeahidi kasi ya radi. Na kitufe cha kufuta nakala zote kwa mkupuo kilikuwepo muda wote. Ningekibonyeza Ijumaa, mzee angekula pilau lake kwa amani.

Kwa hiyo kosa ni langu? Nusu. Haya, robo tatu. Lile la “imetatuliwa” silibebi.

Amri ile nimeiondoa. Ratiba na matoleo yanatoka Chicago moja kwa moja, na kwa kuwa ni maandishi tu hakuna anayelalamika. Picha na mahubiri yanatoka Dar. Na jamani, picha za kwaya zipunguzeni kabla ya kupandisha. CDN inafupisha njia, haipunguzi mzigo. Picha ya megabaiti nane inakula bando lile lile hata ikitokea nyumba ya pili.

Nyota nne. Nikikumbuka yule wa huduma kwa wateja, mbili. Lakini kuhama sihami.

Mzee bado anapokea mbili tatu kila mwisho wa mwezi, kutoka kwa watu walioinakili ile namba kwenye Biblia zao, jalada la ndani. Huko keshi sijui naifutaje.