Stelingi asiyekosea na mnyama anayemsoma mawazo: riwaya nne zapimwa

Mtu aliyekulia Kongwa, Bahi au Chamwino, penye ng'ombe na punda, akikutana na riwaya ya fantasia yenye farasi anayeongea na binti kwa fikra, atauliza kwanza: huyu mnyama anakula nini, na nani anamtekea maji? Ni swali la haki, na riwaya nyingi za aina hii hazina jibu. Farasi ni mweupe pe, hachoki, hana donda la tandiko, na kazi yake kubwa ni kumhakikishia binti kwamba yuko sahihi. Binti naye anapigana kuliko makamanda, anaimba, anaponya wagonjwa, na yeyote asiyempenda anageuka kuwa adui wa hadithi.

Kasoro hizo mbili zina mzizi mmoja. Mwandishi anayeogopa kumkosesha stelingi wake anahitaji sauti ya kumsifia muda wote, na mnyama asiye na shida zake mwenyewe ndiye sauti ya bei rahisi. Kwa hiyo kipimo chetu kwa riwaya hizi ni kimoja: mnyama anagharimu nini, na ni lini anamwambia stelingi hapana?

Stelingi wa namna hiyo ana jina tangu 1973, Paula Smith alipoandika kihadithi cha kuwatania mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga. Ndani yake yumo Luteni Mary Sue, mwenye miaka 15 na nusu, afisa mdogo kuliko wote kikosini, anayeweza kila kitu. Jina limesaidia, lakini limetumika vibaya pia. Stelingi wa kiume anayeua watu ishirini bila kuchafua shati hupita bila kuulizwa, ila binti akishinda pambano moja tu anaitwa Mary Sue. Kushinda si kosa. Kosa ni kushinda bila kulipa chochote.

Tuanze na Dragonflight ya Anne McCaffrey, 1968. Sehemu yake ya kwanza ilitoka jaridani 1967 na kumfanya McCaffrey mwanamke wa kwanza kupata Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi na fantasia, kwa kazi ya hadithi. Kwa juujuu Lessa ana dalili zote: yatima wa ukoo mkubwa, amejificha kama mtumwa wa jikoni, halafu anachaguliwa na Ramoth, joka malkia la dhahabu, na juu ya hapo anasikia majoka yote wakati wengine wanasikia la kwao tu. Kinachomwokoa ni tabia yake. Ana kinyongo, ni mjanja kwa njia chafu, na ameitumia nguvu yake ya akili kwa miaka kuihujumu ngome aliyonyang'anywa, huku watu wasio na hatia wakiishi ndani ya uharibifu huo.

Na Ramoth anakula! Siku ya kupandwa ikikaribia, joka jike likishiba nyama linakuwa zito na haliwezi kuruka juu inavyotakiwa. Lessa anapaswa kumzuia: aue mnyama, anywe damu, nyama asiiguse. Joka lina njaa, halitaki kusikia, na binti anapigana nalo akilini kwa nguvu zake zote. Ukurasa huo peke yake unafundisha zaidi ya vitabu vizima vya farasi weupe. Kusikiana mawazo hapo si faraja, ni kazi, na mwenye kichwa dhaifu anashindwa. Uzito wa mwisho ni huu: mpanda joka akifa, joka lake nalo hujiua.

Udhaifu wa kitabu ni umri wake. F'lar, mwenzi wa Lessa, anamkamata na kumtikisa kwa hasira zaidi ya mara moja, na kupandana kwa majoka kunawavuta wapandaji wao kitandani bila mtu kuuliza kama binti ameridhia. Tunakipendekeza kwa nguvu, ila kwa watu wazima.

Arrows of the Queen ya Mercedes Lackey, 1987, ndiyo yenye yule farasi mweupe. Talia ana miaka 13, anatoroka kwao wanakotaka kumwozesha, anakutana na Rolan, farasi wa macho ya buluu anayemchagua awe mpandaji wake, na kufumba na kufumbua yuko makao makuu akifunzwa kuwa mshauri wa malkia. Tatizo liko kwenye kuchaguliwa kwenyewe. Farasi hawa hawamchagui mtu mbaya, hivyo wema wa Talia unathibitishwa kabla hajatenda lolote, na wakubwa wanamwamini kwa sababu ya farasi. Mrithi wa kiti aliyedekezwa naye ananyooshwa haraka mno.

Hata hivyo Talia ana kovu la kweli. Amelelewa asimwamini mtu mzima yeyote, hasa mwanamume, kwa hiyo wanafunzi wenzake wanapomtesa ananyamaza, na unyamavu huo nusura umuue pale wanapomtupa mtoni wakati wa baridi. Kitabu cha pili, Arrow's Flight, ni bora zaidi: kipaji chake cha kuhisi na kupeleka hisia kinamponyoka, hofu yake inawamwagikia walio karibu, nao wakiogopa yeye anazidi kuogopa. Hapo kipaji kinakuwa mzigo. Kiingereza cha Lackey ni chepesi kuliko cha wenzake wote hapa, na kijana wa sekondari atakimudu. Mzazi ajue lakini kwamba kitabu cha tatu, Arrow's Fall, kina mateso makali na ukatili wa kingono. Usimpe mtoto vitatu kwa mkupuo kwa sababu tu jalada lina farasi mzuri.

On Basilisk Station ya David Weber, 1993, hatutakaa nayo sana. Honor Harrington ni kapteni wa meli ya anga, na begani ana Nimitz, mnyama kama paka mwenye miguu sita anayehisi hisia za watu na kupenda seleri kupindukia. Honor anasemekana ni dhaifu kwenye hesabu, lakini udhaifu huo unaishia kwenye mitihani. Vitani anazipiga kichwani bila kosa. Hiyo ni kasoro ya kupaka rangi. Anayelipa ni wafanyakazi wa meli yake, wanaokufa kwa wingi mwishoni, na kurasa hizo zinauma kweli. Jiandae: katikati ya ile mbio ya mwisho mwandishi anasimamisha kila kitu akueleze jinsi meli zinavyosafiri angani. Ruka, utairudia baadaye.

Kwa upande wa mnyama, hakuna anayemfikia Robin Hobb katika Assassin's Apprentice, 1995, na viwili vinavyofuata. Stelingi ni mwanamume, Fitz, lakini kila anayeandika binti na mnyama wake avisome. Kuzungumza na wanyama huko ni aibu, na ukibainika unauawa. Kitabu cha pili kinamleta Nighteyes, mbwa mwitu wa nchi za baridi, ambaye Fitz anamnunua akiwa kwenye kizimba na kujaribu kwa bidii asiungane naye. Mnyama huyu ana matakwa yake: anataka kuwinda, fitina za ikulu anaziona upuuzi, anamkosoa rafiki yake waziwazi. Fitz akizama mno ndani yake anaanza kupoteza ubinadamu.

Kwa wanaoandika simulizi za WhatsApp, kosa linalojirudia zaidi ni kumpa mnyama uwezo usio na mpaka. Akinusa kila mwongo, fumbo lako limekufa sura ya pili. Ukitaka kulifufua itabidi mnyama asinzie siku ya tukio, na msomaji atakushtukia. Weka mipaka kabla ya kuandika: anasikika umbali gani, anajua dhana zipi (kesho? deni? uongo?), na anataka nini ambacho stelingi hakitaki. Akatae jambo moja zito kabla ya sura ya tatu, na awe sahihi kukataa.

Ukinunua kwa ajili ya simu, chukua faili la epub ambalo herufi zake zinakuzwa. Kurasa zilizoskaniwa zitakuchosha macho. Anza na Dragonflight kama unamtaka binti, Hobb kama unamtaka mnyama. Cha kwanza cha Hobb kinakwenda taratibu, usikiruke: yupo mtoto wa mbwa, Nosy, na bila yeye hutaelewa kwa nini Fitz anaogopa kumpokea Nighteyes.