Kifaa Kipya Chenye Mbonyeo: Kipi cha Kuchukua na Kipi cha Kuacha Nairobi

Katika maduka ya Luthuli Avenue, na hata katika yale makubwa ya vituo vya biashara, mara nyingi kuna friji au mashine moja iliyosukumwa pembeni, haina katoni, ina mbonyeo ubavuni na bei yake imeteremshwa. Muuzaji atakwambia, "Hiyo ni bodi tu imeguswa, mama, mashine ni mpya kabisa," na mara nyingi huwa anasema kweli. Mwongozo huu unapanga vifaa vya aina hiyo, yaani vipya ambavyo havijatumika lakini vina kasoro za sura, kuanzia kile ambacho mnunuzi anaweza kukichukua bila wasiwasi mkubwa hadi kile ambacho sishauri kichukuliwe hata kwa nusu ya bei. Vilivyotumika ng'ambo na vilivyofanyiwa ukarabati vina hesabu zake na sitavigusa.

Nimevipanga kwa maswali matatu. Kwanza, je, sehemu iliyogongwa ina kazi inayofanya, au ni ganda tu? Pili, je, kifaa hiki utakiuza baada ya mwaka mmoja au miwili? Mkwaruzo usiokusumbua wewe utamsumbua yule atakayekuja kukinunua kwako, naye atautumia kukushusha bei. Tatu, je, dhamana itabaki salama? Swali hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, ilhali ndilo zito kuliko yote. Dhamana za watengenezaji kwa kawaida hazihusu uharibifu wa kugongwa au kuangushwa, na fundi wa kituo cha huduma akiletewa mashine yenye mbonyeo miezi minane baada ya kununuliwa, hana namna ya kujua kama iligongwa dukani, njiani au jikoni mwako. Kasoro uliyoikubali ukitabasamu siku ya kununua inaweza kuwa sababu ya kunyimwa huduma siku kifaa kitakapokufa kwa kosa jingine kabisa.

Kuna pia kanuni moja inayovipita vyote: anayelipa bei kamili asikubali alama yoyote, hata mkwaruzo mdogo kama unywele. Bei kamili inanunua kifaa kizima pamoja na sura yake, na kama duka halina kingine, subiri au nenda duka la pili.

Nafasi ya kwanza: mashine ya kufulia

Hii ndiyo kasoro bora ya kununua. Pipa la mashine huning'inia ndani kwa springi na vizuia mtikisiko, na bati la ubavuni liko mbali nalo, kwa hiyo mbonyeo wa kawaida katikati ya bati haugusi chochote kinachozunguka. Mashine yenyewe itakaa bafuni au kwenye roshani ikiwa imeegemea ukuta, na ni watu wachache wanaoiuza kabla haijachoka. Zungusha pipa kwa mkono na usikilize kama linakwaruza mahali. Ikiwa ni ile ya kufunguliwa mbele, tazama nyuma kama bolti za kusafirishia bado zimefungwa, kwa sababu bolti hizo hulishika pipa lisirukeruke njiani. Zikiwa hazipo, ama mashine imewahi kutumika au imesafirishwa pipa likiwa huru, na katika hali zote mbili punguzo hilo halitoshi. Kataa pia mashine iliyobonyea kwenye pembe ya chini au yenye mguu uliopinda, maana hiyo iliangushwa, haikuguswa.

Nafasi ya pili: jiko la kusimama

Mkwaruzo wa ubavuni katika jiko la gesi na umeme hauna neno, kwa kuwa ubavu wenyewe utafichwa na makabati. Mambo mawili tu ndiyo ya kuangalia. Enameli, yaani lile tabaka gumu linalong'aa juu ya chuma, iliyobanduka ndani ya oveni au kuzunguka vichomeo itaanza kutu, na kutu hiyo huendelea kutambaa. Kioo cha mlango au cha kifuniko kilichomeguka ukingoni ni cha kukataliwa moja kwa moja, kwa sababu kioo kilichoimarishwa kwa joto kikijeruhiwa ukingoni kinaweza kupasuka chote kwa mara moja, siku usiyoitarajia.

Nafasi ya tatu: friji, lakini kwa masharti

Friji ndiyo inayouzwa zaidi ikiwa na mbonyeo, na ndiyo inayohitaji macho makali zaidi, kwa sababu mibonyeo miwili inayofanana kwa sura inaweza kuwa na maana tofauti kabisa.

Zamani friji zilikuwa na wavu mweusi wa mabomba mgongoni, na wengi bado hudhani kwamba huko ndiko joto linakotokea. Friji nyingi za sasa zina mgongo laini. Mabomba ya kondensa, yaani yale yanayotoa joto nje, yamefichwa chini ya bati la ubavu, na ndiyo sababu ubavu huwa na joto ukiugusa mashine ikifanya kazi. Mbonyeo kwenye ubavu wa friji ya namna hiyo unaweza kuwa umelibana au kulipasua bomba. Ufa mdogo huvujisha gesi polepole, friji ikagandisha vizuri kwa wiki kadhaa kisha ikaanza kuwa vuguvugu. Kulifikia bomba hilo ni kazi ngumu, kwa kuwa katikati ya bati na ukuta wa ndani kumejazwa povu gumu la kuzuia joto. Isitoshe, friji nyingi mpya hutumia gesi ya R600a, yaani isobuteni, ambayo inashika moto, na ijapokuwa huwa ni gramu chache tu, haifai kuchezewa na fundi asiyeijua. Aina ya gesi huandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au cha ndani ya mlango wa friji.

Mbonyeo wa mlango ni jambo tofauti. Kwa kawaida mlango una povu na bati tu, hauna bomba la gesi, na ukibonyea katikati friji haijapoteza chochote. Anayetaka kubahatisha bei basi abahatishe hapo. Hata hivyo, hakikisha mlango unafunga sawasawa: chukua karatasi, hata risiti ya duka jirani, uifungie kati ya mpira na fremu, kisha uivute polepole. Ikiteleza bila kushikwa, hewa inapita hapo. Rudia juu, chini, upande wa bawaba na hasa karibu na pembe iliyogongwa. Mlango usioziba hufanya kompresa, yaani mashine inayosukuma gesi ya friji, ifanye kazi bila kupumzika, na hasara yake utaiona kwenye tokeni za umeme kila mwezi kwa miaka mingi, hadi lile punguzo ulilolifurahia liwe limeliwa lote.

Omba friji iwashwe dukani na uendelee na shughuli nyingine mjini, kisha urudi. Ukirudi, sehemu ya kugandishia iwe baridi kweli na, kwa zile za mgongo laini, ubavu uwe na joto. Muuzaji anayedai kwamba hana soketi katika duka la vifaa vya umeme hastahili fedha zako. Baada ya hapo, msimamie mwenye pikapu au mkokoteni asiilaze friji. Ikilazimika kulazwa, isimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Nafasi ya nne: kipakatalishi

Mkwaruzo kwenye kifuniko unavumilika kwa anayenunua kipakatalishi cha kazi na anayekusudia kukitumia hadi mwisho. Mbonyeo wa pembeni, karibu na bawaba au matundu ya hewa, hauvumiliki. Kifungue na kukifunga mara kadhaa ukitazama kama fremu ya skrini inanyanyuka upande mmoja. Zaidi ya hayo, kumbuka kwamba kompyuta huuzwa tena, na soko la Nairobi la kompyuta kuukuu halisamehi sura mbaya.

Nafasi ya tano: runinga

Kwenye fremu na miguu, alama si kitu. Kwenye skrini, kila kitu ni kitu. Bei ya kubadilisha skrini ya runinga mara nyingi hukaribia bei ya runinga nyingine, hivyo hakuna hesabu ya ukarabati inayoweza kukuokoa.

Doa moja lisilowaka ndilo linaloleta ubishi zaidi. Runinga ya Full HD ina pikseli, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha, 2,073,600, na ya 4K ina 8,294,400. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-307 kinazigawa skrini katika madaraja kulingana na idadi ya pikseli mbovu zinazokubalika, na watengenezaji wengi huweka idadi yao wenyewe ambayo chini yake hawabadilishi skrini. Maana yake ni kwamba doa moja la kudumu, ambalo litakukera kila mpira unapoonyeshwa kwenye uwanja wa kijani, linaweza kuwa nje ya dhamana. Kwa hiyo lazima lionekane kabla hujalipa. Nenda na flashi yako yenye picha tano zisizo na kitu ila rangi: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Doa jeusi huonekana kwenye nyeupe, doa linalowaka huonekana kwenye nyeusi. Simama karibu kuliko utakavyokaa nyumbani, na utazame pembe zote nne, kwa kuwa skrini iliyokandamizwa ndani ya katoni huonyesha kivuli au mwanga usio sawa kwenye pembe.

Runinga iliyokuwa ikionyeshwa dukani huuzwa kana kwamba kasoro yake ni vumbi tu. Imewaka kutwa nzima, mara nyingi mwangaza ukiwa juu kabisa, na ikiwa ni ya OLED, yaani ya skrini ambayo kila pikseli hujiwakia yenyewe, inaweza kuwa imebaki na kivuli cha nembo iliyokaa mahali pamoja. Hiyo ni runinga iliyotumika, na bei yake iwe ya iliyotumika.

Nafasi ya sita: simu

Hapa pana jambo ambalo muuzaji hataligusia. Friji hugongwa kwa sababu ni kubwa, bati lake ni jembamba na hubebwa na watu wengi kutoka kontena la Mombasa hadi orofa ya tatu ya jengo lako. Simu mpya husafiri ndani ya boksi lililobuniwa ili isitikisike. Simu yenye mkwaruzo basi inazua swali jingine: je, ni mpya kweli? Bonyeza *#06#, ulinganishe namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenye skrini na ile ya boksi, na ikiwa hazilingani, toka dukani. Hata zikilingana, fremu iliyopinda inaweza kuwa inaibana betri ya lithiamu, na simu inayotangazwa kuwa na kinga ya maji ya IP68 haiaminiki tena ikiwa fremu au kioo chake kimeguswa. Thamani yake ya kuuza tena nayo imekwisha kushuka. Simu mpya yenye alama sioni sababu ya kuinunua.

Nafasi ya mwisho: maikrowevu

Mlango wake, bawaba, komeo na ule wavu wa kwenye kioo ndivyo vinavyozuia mawimbi yasitoke. Mbonyeo popote karibu na mlango ni sababu ya kukataa, na bei isijadiliwe.

Punguzo na karatasi

Kwa maoni yangu, punguzo lililo chini ya asilimia 10 halilipi usumbufu wa kasoro yoyote. Kwa mashine ya kufulia yenye ubavu uliobonyea au friji yenye mlango uliobonyea, anza mazungumzo kwenye asilimia 20 na usikubali chini ya 15.

Kisha omba risiti iandikwe kasoro yenyewe kwa maneno wazi, kwa mfano: "Mbonyeo mmoja kwenye mlango wa chini, ulikuwepo wakati wa kuuza, dhamana inaendelea kama kawaida." Namba ya kifaa iandikwe, kadi ya dhamana igongwe muhuri na tarehe, na upige picha ya mbonyeo huo ukiwa bado dukani. Lipa kwa namba ya M-Pesa ya duka, usilipe kwa namba ya mtu binafsi, ili jina litakalokuja kwenye ujumbe lifanane na lile la risiti.

Karatasi hii ina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Mbonyeo ulioukubali umeukubali. Kompresa iliyokufa kwa kosa la ndani hukuikubali. Kipengele cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, kwa hiyo maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaliyopigwa chapa chini ya risiti nyingi za Nairobi yasikutishe. Malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na dai lisilozidi Sh1,000,000 linaweza kufikishwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili.

Anayeletewa kifaa nyumbani asitie sahihi hati ya kupokea kabla ya kuondoa katoni na kuzunguka kifaa pande zote, pamoja na chini yake. Wapakuzi wakisema wana haraka na gari limeziba njia, andika "sijakagua" kando ya sahihi yako, ubaki na nakala.