Mwanzi wa bahati kutoka kitalu cha Nakuru, na maneno niliyopewa kama nyongeza

Nianze kwa kutenda haki: miche ya kitalu hiki ni mizuri. Kipo kando ya barabara kuu ya kuelekea Nairobi, ukishauacha mji wa Nakuru, na jina lake sitalitaja kwa sababu kuna wafanyakazi wanaopata riziki yao hapo, na pia kwa sababu sina hamu ya kupigiwa simu. Miche haina wadudu, mizizi haijasongamana ndani ya mifuko, na bei ni ile ile utakayoikuta kwingine. Mtu akinunua waridi hapo, akaenda zake na asirudi tena, atayasoma haya na kuniona mgomvi. Shida huanza siku unaporudi.

Nilichonunua mimi ni mwanzi wa bahati, vijiti vitatu vilivyofungwa pamoja kwa utepe mwekundu, kwa shilingi 800. Niliuweka sebuleni kwangu, Kiamunyi, ndani ya chupa ya kioo yenye kokoto, mahali penye mwanga wa kutosha lakini pasipofikiwa na jua lenyewe, kwa kuwa jua likiupiga moja kwa moja huyaunguza majani. Maji niliyabadilisha kila wiki na kuyaacha yafunike mizizi tu. Mizizi ilikuwa na rangi ya chungwa iliyokolea, ambayo kwa mmea huu ni dalili ya afya, ingawa wageni wangu wengi walidhani inaoza. Kwa muda kila kitu kilikwenda sawa, kisha ncha za majani zikaanza kugeuka kahawia. Halikuwa jani zima, wala hayakuwa majani ya chini peke yake kama inavyokuwa jani linapozeeka. Zilikuwa ncha tupu, za majani mapya na ya zamani, kavu kabisa, na kati ya sehemu iliyokufa na ile ya kijani palikuwa na mstari mwembamba wa manjano. Kila nilipobadilisha maji niliuona mstari ule umesogea kuelekea shinani.

Nikaufunga mwanzi wangu kwa gazeti, nikapanda nao matatu, nikarudi kitaluni. Sikwenda kudai pesa. Nilikwenda kuuliza, kama mteja yeyote anavyomuuliza mtu aliyemuuzia kitu.

Mwenye kitalu ni mama mtu mzima, na siku ile alikuwa ameketi nyuma ya meza yake chini ya kibanda cha mabati. Nilimwamkia, nikamfungulia gazeti, nikamweleza. Hakuniuliza swali hata moja. Alilishika jani lililokuwa refu kuliko mengine, akalikunja kwa kidole gumba, akaikata ile ncha ya kahawia kwa ukucha, akaitupa chini na kujifuta mkono kwenye aproni. Kisha akasema, kwa sauti iliyowafikia wateja waliokuwa wakichagua vyungu upande wa pili: "Dada, maua ni kama watoto. Si kila mtu amejaliwa kulea."

Wale wateja walicheka kidogo, kicheko cha watu wasiojua kama wanapaswa kucheka. Neno lile lilinichoma mahali ambapo sina sababu ya kupaeleza hapa, na ni kweli kwamba yeye hakuwa na njia ya kupajua. Nimelipima jambo hilo mara nyingi. Zipo siku ninapojiambia kwamba ule ni mzaha wake wa kazi, kwamba huenda humwambia kila mteja anayerudi na mmea uliochoka, na kwamba mtu anayekaa juani kutwa nzima akiulizwa maswali ya aina moja ana haki ya kuwa na ulimi mkali. Leo si mojawapo ya siku hizo.

Nikamuuliza, "Sasa mama, tatizo lenyewe ni nini?" Akajibu bila kuinua macho: "Maji mengi." Naomba msomaji alitafakari jibu hilo. Mmea aliniuzia yeye mwenyewe ndani ya maji, ukaishi kwangu ndani ya maji kwa maelekezo yake yeye mwenyewe, na sasa ugonjwa wake ni maji mengi! Akaniagiza niuhamishie kwenye udongo, akanyoosha mkono nyuma yake na kuniuzia pakiti ya chembechembe za kijivu kwa shilingi 250, chakula cha maua, akisema nitaona tofauti. Nililipa. Mtu aliyeaibishwa mbele ya watu hulipa upesi ili aondoke.

Karibu na lango nilimkuta kijana wa kumwagilia maji akichota kwa mkebe kutoka kwenye tangi jeusi lililowekwa chini ya mfereji wa paa. Aliutazama mwanzi wangu, kisha akaniuliza swali ambalo bosi wake hakuliuliza: "Mama, kwako mnatumia maji gani?" Nikamwambia ni ya kisima cha mtaani kwetu, kile kirefu cha kuchimbwa kwa mashine. Akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo shida. Hapa hizi hatuzipi maji ya kisima. Tulijaribu, zikaungua ncha hivi hivi, mama akasema tuwe tunazipa ya mvua."

Mama akasema. Yaani alijua. Si kwamba hakuielewa dalili aliyoishika mkononi, akaikata kwa ukucha na kuitupa chini. Aliwahi kuiona kwenye miche yake, akaipatia dawa kwa kuweka tangi chini ya paa, kisha mimi nilipomletea ugonjwa ule ule akaniambia sikujaliwa kulea. Hapo ndipo hasira yangu ilipobadilika sura, kwa sababu ujinga ningeusamehe siku hiyo hiyo.

Kwa wasioishi huku, nieleze. Maji ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa hupita ndani ya miamba ya volkano na kuyeyusha madini ya floraidi yaliyomo humo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Nakuru na viunga vyake hukipita. Sisi tuliokulia hapa hatuhitaji maabara ya kutuambia hivyo. Tunacheka mbele ya kioo na kuyaona madoa ya kahawia kwenye meno, kwa sababu floraidi nyingi huliharibu gamba la jino wakati jino lingali likijengeka utotoni. Yangu yana madoa hayo, na ya yule mama yanayo pia. Niliyaona vizuri alipokuwa akinisimanga. Ndiyo maana Jimbo Katoliki la Nakuru limekuwa kwa miaka mingi likitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya mifugo iliyochomwa tanuruni na kusagwa, ambayo huinasa floraidi maji yanapopita. Si siri ya wataalamu. Ni habari ya kila nyumba.

Kwa mmea mambo hayatofautiani sana. Mizizi hunyonya maji pamoja na kilichomo, maji hupanda hadi kwenye majani na kutoka kama mvuke, lakini floraidi haitoki nayo. Hubaki na kurundikana pale safari ya maji inapoishia, kwenye ncha na kingo, hadi tishu za hapo zinakufa. Mimea mingi hustahimili, ila jamii ya drasena ni dhaifu mno kwa jambo hili, na mwanzi wa bahati, licha ya jina lake na licha ya kibao cha pale kitaluni kinachouita mwanzi wa China, si mwanzi hata kidogo. Ni drasena, *Dracaena sanderiana*, mmea wa misitu ya Afrika ya Kati, Kameruni ikiwemo, uliopewa jina la Sander, mfanyabiashara wa okidi aliyekuwa na vitalu vyake St Albans, Uingereza. Ni ndugu wa isale, ule mmea ambao Wachagga hupanda mipakani na ambao jani lake hupelekwa na mtu anayeomba msamaha. Sijapelekewa jani lolote hadi sasa, ingawa wanaoyauza ninawafahamu.

Watu wengine walinishauri niyachemshe maji, au niyaache wazi usiku kucha. Kuyaacha wazi husaidia kupunguza klorini ya maji ya mfereji, lakini floraidi haipungui kwa njia hiyo, na kuyachemsha ni kubaya zaidi, kwa sababu maji hupungua huku madini yakibaki vile vile. Na sasa tuje kwenye ile pakiti ya shilingi 250. Nilipofika nyumbani nilisoma maandishi madogo ya nyuma: superfosfeti. Mbolea hiyo hutengenezwa kwa mwamba wa fosfeti ambao kwa asili yake una floraidi, na ni miongoni mwa mbolea ambazo drasena hazipaswi kupewa. Mmea uliolishwa sumu kwa maji niliuziwa chakula chenye sumu ile ile, pamoja na mahubiri ya malezi. Sikuifungua.

Nilichofanya ni kuweka ndoo chini ya paa mvua iliponyesha, nikajaza jerikeni mbili na kuzifunika vizuri. Chupa moja ya mwanzi hunywa kidogo sana, kwa hiyo akiba hiyo ilinivusha hata kiangazi cha mwanzo wa mwaka. Niliosha kokoto, nikaosha na mizizi, nikaanza upya kwa maji ya mvua peke yake. Ncha zilizokufa hazikupona, na hazitapona, kwa hiyo nilizipunguza kwa mkasi nikifuata umbo la jani ili lisionekane limekatwa. Lakini jani lililochipuka baadaye juu ya kijiti cha katikati lilifunguka likiwa kijani mpaka nchani, na yaliyofuata yakawa hivyo hivyo. Asubuhi ile nililishika kati ya vidole viwili, nikalipapasa hadi mwisho kutafuta mkwaruzo wa ukavu, na sikuupata. Furaha niliyoipata ilikuwa kubwa kupita thamani ya mmea wenyewe, nami sioni haya kuiandika.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni upi? Nilipoketi kuandika nilikusudia kusema kitalu hiki kinafaa, ila mwenyewe hana adabu. Nilipofika kwenye habari ya tangi nilitaka kuwaambia msikanyage kabisa. Sasa nakumbuka kwamba kijana aliyeniokoa ni wa kitalu hicho hicho, kwamba vijiti vile vilitoka pale vikiwa na nguvu ya kustahimili maji yangu ya kisima kwa miezi, na kwamba nilipotaka kumpelekea dada yangu zawadi kama hiyo, nilimtuma jirani akaninunulie pale pale, kwa kuwa vitalu vingine nilivyopitia vilikuwa na vijiti vilivyolegea na vyenye manjano shinani. Hivyo nendeni, mkitaka. Chagueni wenyewe, ulizeni kwa anayemwagilia, msiulize mezani, na mkiambiwa neno lolote kuhusu malezi lirudisheni hapo hapo, kwa sauti, mbele ya wateja, kama nilivyopaswa kulirudisha.

Au msiende. Kwa kweli kila nikifikiria jinsi ilivyo rahisi kumwambia mnunuzi "huu uwe unaupa maji ya mvua" anapolipa, maneno machache tu yasiyogharimu chochote, naona mtu anayeyajua na kuyanyamaza hastahili mteja. Jirani yangu anasema nimezidisha, kwamba mwanzi uko hai na mimi nimejifunza kitu. Jirani yangu hakuwepo siku ile. Pakiti ya superfosfeti ninayo bado, haijafunguliwa, na shilingi zangu 250 nazidai.