Cha kuoshea gari nyumbani: anza na glavu, sabuni baadaye

Egesha gari jeusi juani kisha uinamie boneti. Utaona mikwaruzo myembamba inayozunguka kama utando wa buibui. Wengi humlaumu fundi rangi au jua kali, kumbe mara nyingi kilichoifanya ni tambara la kila Jumapili. Klia, lile tabaka la kung'aa juu ya rangi, ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Chembe moja ya mchanga ikinasa chini ya kitambaa, unapiga msasa, huoshi.

Kwa hiyo vifaa vya kuoshea navipanga kwa swali moja: mchanga ukishanaswa, unakwenda wapi?

1. Glavu ya maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi za plastiki nyembamba mno) yenye vinyuzi vinene virefu. Mchanga huzama katikati ya vinyuzi, mbali na rangi, na ukiisuuza unatoka. Hufulika na hukauka upesi. Pesa yako ya kwanza iende hapa.

2. Glavu ya sufu ya kondoo. Ni laini mno, naipenda. Lakini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kwa unyevu wetu, huchelewa kukauka na huanza kunuka. Aliye Arusha au Nakuru anaweza kuipa nafasi ya kwanza.

3. Taulo za maikrofaiba, sita au zaidi. Kunja mara nne, kila upande ukichafuka geuza. Chagua zenye gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba. Kagua pindo: uzi mgumu wa ukingoni hukwaruza, na lebo ikatwe kabla hujaanza.

4. Sponji. Uso wake bapa huuacha mchanga palepale, ukisuguana na rangi. Ibaki ya rimu na sehemu za chini.

Brashi ya mpini, dodoki na fulana kuukuu usitumie kabisa. Fulana ndiyo inayodanganya watu, kwa sababu mkononi ni laini, lakini ile mishono!

Pesa ya pili inunue ndoo nyingine. Moja iwe ya povu, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu kabla hujairudisha kwenye povu. Bila hiyo, glavu bora kuliko zote itakuwa inarudisha mchanga uleule kwenye mlango. Na kabla hujagusa gari, limwagie maji mengi kuanzia paa, vumbi litangulie.

Shampoo ya gari ni ya tatu. Sabuni ya unga ni kali, imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, hivyo huondoa na nta inayolinda klia. Ya maji ya vyombo nayo huondoa nta, ingawa kwa dharura ni afadhali kuliko ya unga.

Ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, usikose taulo kubwa la kukaushia, gramu 500 au zaidi kwa mita ya mraba. Maji hayo yakikaukia juani huacha madoa meupe yanayong'ang'ania. Osha asubuhi mapema, boneti ikiwa ya baridi, na ulilaze taulo uvute taratibu bila kusugua.

Glavu nunua mbili. Ikianguka chini, hata mara moja, iweke kando uendelee na ya pili.